Dirisha la Upande wa Jua

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nalikiri mapema, kabla sijaanza kumrushia mtu tope.

Jumanne mchana nilikuwa ofisi ya walimu ya shule yetu ya Mtawanya, Kibiti, rundo la madaftari ya darasa la tano mbele yangu, Haidari akanitumia picha ya viti vya ndege kwenye simu. Ndege ndogo ya abiria kumi na wawili, kutoka Dar kwenda Mafia. Kushoto viti vimekaa kimoja kimoja, kulia viwili viwili, kila safu na dirisha lake. Chini ya picha aliandika: "Chagua, mpenzi wangu. Bibi akae dirisha lipi?"

Sikufikiri mara mbili. Mtu wa Kibiti akitoka Dar kwenda kusini, delta ya Rufiji iko kushoto. Ukipanda basi pale Mbagala unakaa kushoto, Mkuranga unaipita, na ukifika Bungu njia ya Nyamisati inachepuka kushoto kwenda kwenye maji. Hivyo ndivyo nilivyojua tangu nabebwa mgongoni. Nikamjibu: "Kushoto. Bibi safu ya tatu, mimi nyuma yake."

Haidari akaleta moyo mwekundu na maneno mawili: "Chaguo zuri."

Nikaibusu ile simu, mjinga mimi, na mwalimu Salama akanicheka hadi akamwaga chai.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Ilikuwa ya kutoa jibu la posa. Haidari kwao ni Kilindoni, kazi yake Dar, kupiga video za harusi na mahoteli. Tulikutana Ikwiriri mwaka uliotangulia, mimi na Bibi tukingoja basi, stendi imejaa madimbwi baada ya mvua. Alijitwika begi lake la kamera kichwani, akamshika Bibi mkono, akamvusha taratibu mpaka mlango wa basi. Kisha akarudi kunifuata mimi. Nikamwambia, miguu yangu mizima, asijisumbue. Akasema, "Najua, dada. Nimeshaitazama." Nilinuna mpaka Kibiti, na tangu siku hiyo nikawa sina usingizi wa maana.

Wazee wake walikuja nyumbani kwa adabu zote. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo waliongea na baba mdogo Khamisi. Mahari ilikubaliwa, vitu vya bibi harusi vilikubaliwa, likabaki neno moja tu, neno la Bibi Mwamvua, kwa sababu yeye ndiye aliyenilea.

Baba mdogo hakumpenda Haidari, wala hakulificha.

"Kijana ana heshima," alisema wageni walipotoka. "Lakini macho yake ni ya mnunuzi. Akimtazama mtu ni kama anapima gunia la ufuta."

"Baba mdogo, hiyo ndiyo kazi yake, kutazama," nikamtetea.

"Kutazama kupo kwingi, Johari."

Bibi yeye alikuwa amejikunyata mkekani, anatafuna tambuu yake, anasikiliza. Mwisho akaagiza Haidari aitwe peke yake. Haidari alipoingia alipiga magoti, na Bibi akamtania kama bibi wa kwetu anavyomtania mchumba wa mjukuu wake.

"Mume wangu, sogea. Weye wataka unioe miye au huyu mke mwenzangu?"

"Nyote wawili, Bibi."

"Basi siye ghali. Huyu umeshamaliza mahari yake, yangu bado." Akatema tambuu kwenye kopo. "Miye nimekaa masika arobaini kwenye dungu, kijumba juu ya nguzo, kule Mbwera Rufiji inapoingia baharini, katikati ya mpunga. Tunahamia maji yakianza kupanda, tunaamia ndege, tunafukuza viboko, mpaka mavuno. Nimezaa mle saba. Nimezika mle wawili, na baba yao pia. Kila kijito nakijua kwa harufu. Lakini pote kwa pamoja sijapaona. Nimekaa ndani ya nyumba paa lake silijui."

"Ndiyo, Bibi."

"Daktari kasema jicho moja limekwenda, na hili la pili laaga. Sura za watu sizioni tena. Rangi bado naziona. Kijani nakiona, buluu naiona. Nataka niuone ule ujani wote mara moja, toka juu. Halafu giza lije likitaka."

Haidari alimshika miguu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikaona machozi machoni mwake. Yalikuwa machozi ya kweli, hata leo siwezi kuyakana.

"Bibi, hilo nakuahidi. Nitakupandisha ndege."

"Ukinionyesha Mbwera, mke utampata. Na miye nyongeza."

Ndiyo maana Jumamosi ile, mwishoni mwa mwezi wa tano, mvua zimekatika na mpunga umesimama, sisi watatu tulikuwa uwanja wa ndege wa Dar saa moja na nusu asubuhi. Baba mdogo alikubali kwa sharti kwamba sitasafiri na mwanamume peke yangu, na Bibi ndiye alikuwa mlinzi wangu. Alivaa baibui jipya na kanga juu yake, hina mikononi, amependeza kweli. Kwao Haidari walikuwa wanapika. Jibu lingetolewa kwa mama yake mzazi, Bi Hadija, kisha wanawake wapige vigelegele na tule.

Roho yangu ilianza kuchafuka pale pale nje.

"Bibi, panda tena kwenye gari," Haidari alisema. Simu yake ilikuwa kwenye fimbo, na amebandika kipaza sauti kidogo kwenye kanga ya Bibi, kifuani. "Kushuka kwako sikukuchukua vizuri."

Bibi akapanda. Akashuka, mguu wake mbovu ukitangulia.

"Tena, Bibi. Safari hii usiangalie chini. Angalia juu, kama unatafuta ndege."

"Nisipoangalia chini nitaanguka, mume wangu."

"Johari atakushika. Lakini Johari, usitokee kwenye picha."

Alipanda na kushuka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anahema. Haidari akamwambia, "Bibi, wewe ni nyota, watu laki wataliona hili," na Bibi akacheka, na mimi nikacheka pia. Haidari alikuwa amenigeukia na lile tabasamu lake linaloacha shimo kwenye shavu moja tu, na nikisha kuliona hilo shimo nilikuwa siwezi tena kuhesabu mabaya.

Tukapanda. Bibi dirisha la kushoto, mimi nyuma yake. Haidari akakaa kulia, sambamba na Bibi, na kiti cha pembeni mwake akakijaza begi la kamera. Rubani aligeuka akatuomba tusifungue mikanda, njia ni ya nusu saa tu. Injini ikaanza kuguruma, Bibi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaushika. Ulikuwa wa baridi.

"Johari."

"Abee, Bibi."

"Tukianguka, mwambie Khamisi miwani yangu iko chini ya mto."

Tulipaa. Nyumba zikawa ndogo, fukwe zikapita, kisha maji. Bibi aligandisha uso kwenye kioo. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye dirisha lake, linamulika kila mkunjo wa uso wake, na kwa kweli alikuwa mzuri. Niliona fahari kifuani. Nilijisemea, mtu aliyenifanyia hili nitampikia, nitamfulia, nitamzalia.

Dakika kumi na tano zikapita. Dirishani kwangu kulikuwa na bahari. Nikasubiri. Bahari. Nikapangusa kioo kwa mtandio, nikachungulia mbele, nikachungulia nyuma. Bahari tupu hadi inapokutana na mbingu.

Haidari alikuwa ameshafungua mkanda. Aliinama kwenye ujia, simu imemlenga Bibi usoni, akapaza sauti kuishinda injini.

"Bibi! Tumefika! Hapo chini ndiyo Mbwera! Ndiyo kwenu hapo!"

Bibi akabonyeza paji la uso kwenye kioo.

"Wapi?"

"Hapo, chini yako! Pote hapo unapopaona!"

"Mbona buluu?"

"Maji hayo, Bibi. Mafuriko."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama Haidari, nikiamini atacheka aseme anatania. Hakucheka. Alikuwa anasogeza simu kidogo kushoto, kidogo kulia, akitafuta pembe.

Bibi akakiacha kioo, akaegemea kiti, akazungumza bila kupandisha sauti, nami nilisikia kwa kuwa nilikuwa nimeinama begani mwake.

"Maji ya Rufiji hayawi buluu hata siku moja. Na jua la asubuhi haliwezi kunikaa usoni nikiwa naitazama bara." Akagusa shavu lake palipokuwa na joto. "Hapa natazama mashariki. Mmenikalisha upande wa bahari."

Hapo ndipo akili iliponirudi, na aibu nayo. Basi hupita bara, delta ikabaki kushoto. Ndege ya Mafia hupita baharini, delta ikabaki kulia. Ramani ya Tanzania inaning'inia darasani kwangu mwaka wa nne, nawachapa watoto vidole wakionyesha mto vibaya, na nimemchagulia Bibi kiti kwa mazoea ya basi.

Nikanyanyua shingo, nikatazama juu ya bega la Haidari, kwenye dirisha lake.

Ilikuwepo yote. Mikoko ya kijani kizito imejaa hadi ukingoni mwa bahari, na ndani yake mito imejipinda, imegawanyika, imekutana tena, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Nyuma ya mikoko kulikuwa na kijani kingine, chepesi, cha mpunga, kinaenda hadi macho yanachoka. Tulikuwa mbali, dungu hata moja sikuliona. Lakini rangi zilikuwa pale, zimetandazwa kwa mtu yeyote mwenye nusu jicho.

"Haidari! Iko upande wako!"

"Najua." Alikuwa ameshageuza simu kwenye dirisha lake.

"Upande wetu ni bahari tupu!"

"Najua, Jo. Subiri, nisitikisike."

"Unajua tangu lini?"

Akanigeukia na lile tabasamu. "Jo, mimi mtu wa Mafia. Njia hii nimepita mara ngapi?"

"Tangu Jumanne ulikuwa unajua?"

"Ulichagua mwenyewe, mpenzi."

"Na wewe ukaniandikia chaguo zuri."

"Zuri kweli! Mwanga wa upande huo ni moto, mtazame Bibi anavyong'aa. Huku kwangu uso wake ungekuwa kivuli kitupu. Basi uso nachukua kwenu, delta naichukua kwangu, kesho nakaa naunganisha. Nani atajua?"

"Bibi atajua!"

"Jo." Akainamisha kichwa, akaongea kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Bibi haoni vizuri. Dirisha la nini?"

Nimeshaosha vidonda vya watu. Nimeshamzoa mtoto wa shule aliyejitapikia na kujiharia siku moja. Sijawahi kusikia kichefuchefu kama nilichosikia pale. Kilianzia chini ya mbavu, kikapanda hadi kooni, mate yakanijaa mdomoni. Manukato yake ya udi, niliyokuwa nikiyanusa kwenye mtandio wangu siku mbili baada ya kuonana, yalinifikia yakaniongezea. Nililitazama lile shimo la shavuni nikaona shavu tu, na meno.

"Mpishe," nikasema. "Ondoa begi, mpishe Bibi akae hapo. Dakika tano tu."

"Rubani kasema tusifungue mikanda."

"Wako uko wapi?"

Akajitazama kiunoni, akacheka kidogo. "Mimi niko kazini, Jo. Usiniharibie kazi. Hii ni kwa ajili yetu sote. Hii ikitoka, mahoteli yote yatanitafuta. Bibi nitamwonyesha kwenye simu, tena polepole, ataona vizuri kuliko hapa."

"Sura yangu haioni, ataona simu?"

"Johari," Bibi akaita. "Usigombane angani. Keti."

"Bibi, mimi ndiye niliyekosea kiti. Nisamehe."

"Nimesikia. Masikio yangu mazima." Mkono wake ulinitafuta, ukanipata mkono wa baibui, ukakaza. "Weye unaiona?"

"Naiona, Bibi."

"Bado iko?"

"Bado."

"Basi niambie upesi."

Nikajinyoosha kadiri mkanda ulivyoniruhusu, macho yangu kwenye dirisha la Haidari, mdomo wangu kwa Bibi, nikaanza kwa sauti kubwa. Nilimwambia mikoko imeanzia baharini imefunga kama ukuta. Nilimwambia mto umejigawa, sikuweza kuhesabu mara ngapi, na kila kijito kina vitoto vyake.

"Kimoja kimepinda kama ndoano?" akauliza.

"Viwili vimepinda hivyo."

"Cha kusini ndicho chetu. Endelea. Mpunga je?"

"Mpunga uko nyuma ya mikoko, Bibi. Kijani chake..."

"Endelea hivyo hivyo, Jo!" Haidari akadakia. Simu ilikuwa imeturudia sisi, mimi na Bibi pamoja, na safari hii alinitaka nitokee kwenye picha. Macho yake yalikuwa yamewaka kwa furaha. "Hiyo ni kali kuliko nilivyopanga! Mjukuu anamsimulia bibi kipofu! Rudia hapo pa mpunga, polepole. Bibi, ukisikia kulia, lia tu."

Kila nitakalomwambia Bibi lilikuwa linaingia kwenye kile kidude kifuani mwake, linakuwa mali ya Haidari. Nikinyamaza, Bibi hapati hata hicho kidogo. Na kule nje delta ilikuwa inarudi nyuma, inafifia kwenye ukungu wa joto, ndege haimsubiri mtu.

Nilikichomoa kile kipaza sauti kwenye kanga ya Bibi. Kwenye mfuko wa kiti kulikuwa na kibahasha cha kutapikia. Nikakitumbukiza humo.

"Jo! Hicho ni cha watu!"

Basi nikatapika. Sikukusudia, naapa. Mdomo nilikuwa nimeufumba muda mrefu mno. Nilitapika chai na chapati ya asubuhi yote kwenye kile kibahasha, nikakikunja mdomo vizuri, nikampa mkononi. Alikipokea kabla hajaelewa, kisha akakishika kwa ncha za vidole mbali na shati lake. Abiria wa mbele akageuka, akaona, akarudisha uso haraka.

Nilijifuta. Niliweka mdomo sikioni mwa Bibi, nikafunika kwa viganja vyote viwili, nikammalizia. Nilimwambia kijani cha mpunga ni cha majani machanga, na kina mawimbi kikipigwa na upepo. Hilo la upepo nilitunga, kwa umbali ule hakuna ambaye angeliona. Nikamwambia ni kubwa, Bibi, ni kubwa sana, macho yangu hayafiki mwisho. Alipouliza tena nikatazama, na dirisha la Haidari lilikuwa na bahari kama letu.

"Imekwisha," nikamwambia.

"Haya," akasema. Alifumba lile jicho lake lililobaki. Hakulia hata chozi moja, na nilimshukuru kwa hilo.

Mafia ilitokea, na tukatua. Haidari alitangulia kushuka, kibahasha mkono mmoja, fimbo ya simu mkono mwingine, akitafuta pa kutupa. Mimi na Bibi tulibaki mwisho. Kabla hatujaikanyaga ngazi Bibi alinivuta.

"Unampenda?"

"Bibi, baada ya haya?"

"Nimekuuliza jambo dogo."

Nikajaribu kusema hapana, ulimi ukakataa. "Nampenda."

"Basi nisikilize. Miye jicho lilikuwa linakwenda, na sasa limekwenda bila kuona. Yapo mengi niliyokosa na bado nakula. Ukitaka niseme ndiyo, nitasema ndiyo, na nitamwambia mama yake nimeona, nimeona vizuri sana. Sitakuharibia kwa ajili ya dirisha. Lakini miye nitarudi kwangu nikalale. Atakayeamka naye kila asubuhi ni weye. Siku utakayokuwa mgonjwa, atakutazama. Ujiulize atakutazama vipi."

Nilimshusha ngazi moja moja.

Bi Hadija alikuwa anatungoja nje ya jengo na wanawake wanne wamevaa kanga za sare, pamoja na mjomba wa Haidari, Mzee Kondo, mwenye kanzu na kofia iliyonyooka. Yule mama aliniumiza. Alimkumbatia Bibi kama dada yake, akampangusa vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Shikamoo, dada yangu, karibu kwako, pilau inakungoja." Alinishika uso kwa mikono miwili, mikono ya kitunguu na iliki, akanitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu ana macho," akasema, na wanawake wakacheka.

"Marahaba, mwenzangu," Bibi akajibu. "Twashukuru."

Mzee Kondo akakohoa. "Bibi Mwamvua, hatutaki kukuchosha mlangoni. Lakini hawa kina mama vigelegele vinawawasha. Kijana alisema ukishaiona Mbwera utatupa neno. Umeiona?"

Bibi akageuza uso wake upande wangu. Alikuwa ananipa nafasi, na nilijua nikimbana mkono mara moja atasema ameiona, na wanawake watapiga vigelegele, na jioni nitakuwa mchumba wa watu kwa furaha ya kila aliyesimama pale.

Haidari alikuwa amesimama nyuma ya mjomba wake. Kibahasha ameshakitupa. Simu ilikuwa juu, imenilenga. Kwa mkono mwingine alinifanyia ishara nisogee kidogo kulia, nitoke kwenye kivuli cha paa, nisimame juani.

"Hajaiona," nikasema.

"Eti?"

"Hajaona kitu, mzee wangu. Nilikosea kiti, Haidari akajua, akanyamaza siku nne, kwa sababu kiti kibaya kilikuwa na mwanga mzuri. Bibi alipouliza, akamwonyesha bahari akamwambia ndiyo kwao." Nilibaki pale pale kivulini. "Jibu la posa ni hapana. Bibi alitaka kuwapa ndiyo. Hapana ni yangu mimi."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameshaufungua mdomo, akaufunika kwa kanga.

Bi Hadija alimgeukia mwanawe. "Haidari. Kweli maneno haya?"

"Mama, ni video tu. Jo, unaniaibisha kwa ajili ya kiti? Nimemleta kwa ndege, nani mwingine angemleta?"

"Teremsha hiyo simu," mama yake akasema.

"Mama, sikiliza kwanza..."

"Teremsha simu, Haidari, mama yako anakusemesha!" Mzee Kondo akafoka.

Akaiteremsha. Yule mama akaniangalia, machozi yanamlenga. Akamshika Bibi mkono. "Dada yangu, chakula ni chakula. Njoo ule, halafu wanangu watakupeleka popote utakapo."

"Nitakula," Bibi akasema. "Weye hukunikosea."

Wakatangulia, mikono imeshikana, wanawake nyuma yao, Mzee Kondo akivuta kanzu asikanyage. Nikawafuata. Nilikuwa nimepiga hatua tatu au nne.

"Jo."

Hakupaza sauti. Aliniita kwa ule upole wake, simu iko chini, mikono mitupu, uso wake umeloa kweli. Na mimi, niliyetoka kutapika kwa ajili yake mbele ya watu kumi, nilisimama. Miguu ikataka kurudi. Nilikuwa bado nampenda. Katika yote niliyoyaona asubuhi ile, hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko mengine, na nilikwenda nalo hadi mezani kwa mama yake.